Nyumba ya Masista
Hotuba kwa wanakwaya na waumini wa Giakanja katika sherehe ya jubilei ya kwaya



Baba Paroko, mapadre wageni, masista, makatekista, wazee wa kanisa, akina mama wa CWA, akina baba wa CMA, vijana, na ninyi wenyewe wenye siku yenu, wanakwaya: hongereni. Mmeimba harusi zetu, mmetuzikia wazee wetu, na Krismasi za mvua mmekuja hata wakati barabara ya udongo ilipomshinda mwenye gari.

Kamati ilinipa mada ambayo mwanzoni niliona haina uhusiano na kwaya. Walisema: tuzungumzie nyumba za zamani za watawa, zilikuwa nini na zimekuwa nini. Nilipouliza sababu, nikaambiwa ni mambo mawili. La kwanza, katika parokia nyingi za hapa Nyeri ipo nyumba ya mawe ya siku za wamisionari, nayo imezua mabishano: wengine wanasema ibomolewe tujenge ukumbi, wengine wanasema ni historia yetu. La pili, mwanakwaya mmoja alisikia kwamba huko Italia konventi ya Wakapuchini imegeuzwa hoteli ya kitalii, akataka kujua kama ni kweli.

Nianze na hilo la pili, maana jibu lake ni fupi. Ni kweli. Iko katika mji wa Amalfi, juu ya jabali linalotazama bahari. Nyumba yenyewe ni ya karne ya 13, na Wakapuchini waliingia humo mwaka 1583. Leo wageni wanalala mahali ndugu hao walipokuwa wakiamka usiku kusali. Na si Amalfi peke yake. Mwaka 1866 serikali ya Italia ilipitisha sheria ya kuyafuta mashirika ya watawa na kuchukua mali zao, na konventi nyingi zikawa shule, kambi za askari, hospitali, na nyingine magereza. Mkapuchini anaweka nadhiri ya ufukara, na chumba chake kilikuwa na kitanda, msalaba na kiti. Sijui angesema nini akiona bei ya chumba hicho siku hizi.

Lakini Wakapuchini hawatuhusu kwa sababu ya hoteli. Wanatuhusu kwa sababu ya mtu mmoja anayeitwa Guglielmo Massaia, mzaliwa wa Piemonte, mkoa ule ule alikotoka Mtakatifu Yosefu Allamano. Massaia alikuwa Mkapuchini. Alipewa uaskofu mwaka 1846 akatumwa kwa Waoromo wa Ethiopia, akakaa katika kazi hiyo miaka 35, akifukuzwa na kurudi, akihubiri na kuchanja watu dhidi ya ndui. Uzeeni alirudi Italia akaandika kumbukumbu zake, vitabu 12, katika konventi ya Wakapuchini ya Frascati karibu na Roma. Alifariki mwaka 1889, na ndiko alikozikwa.

Habari za Massaia ziliwasha moto huko Piemonte. Allamano alipoanzisha shirika la Wakonsolata mwaka 1901, macho yake yalikuwa Ethiopia, kwa Waoromo wale wale. Njia ya kaskazini ilikuwa ngumu, ikaonekana ni afadhali wapitie upande huu wa Kenya. Ndivyo ilivyokuwa kwamba mapadre wawili na mabruda wawili waliondoka Torino tarehe 8 Mei 1902, na tarehe 29 Juni mwaka huo Misa ikasomwa Tuthu, kwa Chifu Karuri wa Gakure. Walikusudia kupita tu, lakini walibaki. Kwa hiyo ukitafuta mizizi ya kanisa la Nyeri utakuta mzizi mmoja mwembamba unaofika hadi kwenye chumba cha Mkapuchini mzee, Frascati, anayeandika kwa kalamu ya wino.

Mzizi mwingine ni mnene zaidi, nao ndio nataka tuufuate leo. Wamisionari wale wanne hawakuingia nchi isiyo na mwenyewe upande wa kanisa. Mwaka 1902 nchi hii ilikuwa sehemu ya Vikarieti ya Zanguebar ya Kaskazini, chini ya Askofu Emile Allgeyer wa Shirika la Roho Mtakatifu. Ilibidi wapate ruhusa yake. Na katika vikarieti hiyo hiyo, hadi ilipogawanywa mwaka 1906, ilikuwemo misioni kongwe ya Bagamoyo, ng'ambo ya Zanzibar. Yaani kwa miaka michache ya mwanzo Tuthu, Nyeri na Bagamoyo walikuwa na askofu mmoja. Ukienda Bagamoyo, basi, huendi kwa wageni. Unaenda kwa shangazi.

Huko Bagamoyo kuna nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876. Masista hawakai tena humo. Leo ni makumbusho ya kanisa, na ndiyo mfano ulio karibu nasi kuliko wote wa konventi iliyopata kazi nyingine.

Ili tuielewe, turudi nyuma kidogo. Mnamo Desemba 1860 meli kutoka kisiwa cha Réunion ilitia nanga Zanzibar ikiwa na Padri Armand Fava, mapadre wengine wawili, na masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria. Hawa masista nawaomba muwaangalie vizuri. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo, na tangu mwanzo lilipokea wasichana weusi na weupe, hata waliotoka utumwani. Katika karne ile hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Kwa hiyo, miongo mingi kabla ya mzungu yeyote wa Torino kupanda mlima huu, kulikuwa na shirika la watawa lililowafungulia mlango mabinti wa watumwa, na shirika hilo lilikuwa linafanya kazi katika pwani yetu. Vitabu vingi huanza na mapadre. Mimi naona tuanze na hao sita.

Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu walichukua misioni hiyo, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, na mwaka 1868 wakavuka bahari wakafungua Bagamoyo. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, zaidi ya kilomita elfu moja ndani ya bara. Pembe za ndovu zilifika pale mabegani mwa watu, na watu wenyewe pia walifika wakiwa bidhaa. Kuhusu jina la mji, wengine husema ni la wapagazi waliobwaga mzigo na moyo ukatulia, wengine kwamba ni la mtumwa aliyeuacha moyo wake bara kabla ya kupandishwa jahazi. Wataalamu wa lugha wabishane. Mchukuzi na mtumwa walipita njia moja.

Misioni ilipata watoto kwa njia mbili. Wapo waliokamatwa baharini katika majahazi na manowari za Waingereza, wakakabidhiwa kwa mapadre. Wapo walionunuliwa sokoni Zanzibar kwa fedha za sadaka kutoka Ulaya, kabla soko hilo halijafungwa mwaka 1873. Hapa nitasema ninavyofikiri. Tumezoea kusema walikombolewa, na ni kweli kwamba bila fedha ile wengi wangeishia mashambani mwa karafuu. Lakini mtoto wa miaka minane hakujua tofauti ya mnunuzi huyu na yule. Aliona mtu mwingine asiyejua lugha yake akilipa. Kisha akaingia katika maisha ya kengele: kuamka kwa kengele, kusali kwa kengele, shamba, darasa, kulala. Wengi walikua wakawa Wakristo hodari na waanzilishi wa misioni za ndani. Wengine walitoroka. Kanisa lisilosema yote mawili linajidanganya lenyewe.

Wavulana walikuwa upande wa mapadre, wasichana upande wa masista. Nyumba ya masista, basi, haikuwa konventi ya kufunga mlango na kusali tu. Ilikuwa nyumbani kwa wasichana wasio na nyumbani. Humo walijifunza kusoma, kushona, kufua, kupika na kuuguza. Walipofikia umri wa kuolewa, walikutanishwa na vijana wa upande wa pili, wakafunga ndoa kanisani, wakapewa kiwanja katika kijiji cha Wakristo karibu na misioni. Mama wa mamia ya familia za mwanzo za Wakatoliki wa bara ya Tanzania walipita mikononi mwa masista.

Sasa tufike kwenye kwaya. Watoto wale walikuwa wa makabila mengi: wengine wametoka karibu na Ziwa Nyasa, wengine Manyema, wengine bara ya karibu. Hawakuelewana. Wakafundishwa Kiswahili, Kifaransa kidogo, na nyimbo za Kilatini. Wavulana walikuwa na bendi ya tarumbeta iliyowashangaza wasafiri waliopita. Mnaweza kuona picha yake: msafiri ametoka melini, anategemea kusikia ngoma, anapokewa na vijana weusi wanaopuliza shaba kama wako mjini Paris. Wageni waliandika kwa furaha kuhusu hilo. Mimi najiuliza jambo lingine. Mtoto asiye na mama, asiye na mtu wa kusema naye lugha ya kwao, anapewa sauti ya kwanza au ya pili, anaambiwa asikilize mwenzake na aingie kwa wakati wake. Ninyi wanakwaya mnajua ni kitu gani hicho. Huwezi kuimba sauti ya pili peke yako. Nadhani kwa baadhi yao, jamaa ya kwanza waliyoipata upya ilikuwa mstari wa besi au wa alto.

Mambo makubwa yalipita mbele ya misioni hiyo. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya majengo, wakajenga tena. Tarehe 24 Februari 1874 Chuma na Susi na wenzao waliingia Bagamoyo na mwili wa Livingstone, walioubeba kutoka Chitambo, kifo kilikotokea Mei 1873. Mwili uliwekwa katika kanisa la misioni, kisha ukapelekwa Zanzibar na hatimaye Uingereza. Mnara wa kanisa lile bado upo, na watu huuita kwa jina la Livingstone. Ningependa siku moja uitwe kwa jina la Chuma na Susi, maana Livingstone aliingia pale amebebwa. Kisha vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, vilipowaka, watu wa mji walikimbilia misioni kwa wingi, na uwanja ukajaa.

Ukifika leo, unaingia kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Kuna makaburi ya wamisionari, na ukisoma miaka kwenye misalaba utaona wengi walikufa vijana. Homa ya malaria haikubagua. Kuna mbuyu uliopandwa 1868, na ndani ya shina lake umebaki ukingo mdogo wa mnyororo. Wageni wengi huguta wakidhani ni mnyororo wa watumwa. Sio. Husimuliwa kwamba Mama Chevalier, Mfaransa aliyehudumia wagonjwa wa misioni, alikuwa akimfungia punda wake hapo, na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. Minyororo ya watumwa iko ndani, katika nyumba ya masista, pamoja na picha za zamani.

Hilo ndilo linalonifanya niisifu kazi mpya ya nyumba ile. Wangeweza kuifanya bweni la wageni, au ghala. Nyumba nyingi za watawa zimeishia ghala, na ghala ndiyo njia ya polepole ya kubomoa: unafunga madirisha, popo wanaingia, paa linavuja mahali pasipoonekana, na baada ya miaka kumi mtu anasema kwa uaminifu kabisa kwamba nyumba imechoka. Nyumba za pwani zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Kuta za namna hiyo zinapumua. Maji ya chumvi yanaingia na kutoka. Akija fundi mwenye haraka akazipaka saruji, unyevu unafungiwa ndani, na ukuta unaanza kumeguka kutoka katikati. Vivyo hivyo kwa nyumba zetu za mawe huku juu zilizojengwa kwa chokaa. Kwa hiyo, kwa wale wanaobishana kuhusu nyumba ya mawe: kabla hamjapiga kura, mtafuteni fundi anayejua chokaa, na muifungue nyumba ipate hewa. Nyumba yenye watu ndani haiozi upesi. Iwe chumba cha mazoezi ya kwaya, iwe zahanati, iwe darasa la chekechea, yote ni sawa kwangu. Ninachopinga ni kufuli.

Na hata makumbusho yana upungufu wake. Nyumba ilikuwa ya wanawake: masista na wasichana waliolelewa humo. Lakini ukiuliza historia ya Bagamoyo utaambiwa Horner, utaambiwa Baur, utaambiwa Livingstone na Abushiri. Masista utaambiwa ni sita, au ni kumi. Wasichana utaambiwa ni wengi. Majina yao ya ubatizo yaliandikwa katika madaftari, yapo, lakini hayako midomoni mwa watu. Mtu anayeingia katika chumba walicholala anatoka akiwa anajua tarehe ya mwili wa Mskoti kulala kanisani, na hajui jina la msichana hata mmoja.

Nanyi msiwacheke watu wa pwani, maana sisi hapa Nyeri hatujafanya vizuri zaidi. Masista wa Cottolengo walifika huku mwaka 1903, mwaka mmoja tu baada ya mapadre. Walikaa zaidi ya miaka 20, wakaosha vidonda, wakafundisha, na wengine wakazikwa katika udongo huu. Nani hapa anaweza kumtaja mmoja? Masista Wakonsolata walifika 1913. Kati yao tunamjua vizuri Mwenye Heri Irene Stefani, Nyaatha, kwa sababu ya huruma yake Gikondi, alikofariki Oktoba 1930 baada ya kuambukizwa tauni na mgonjwa aliyemwuguza, na kwa sababu ya ile Jumamosi ya tarehe 23 Mei 2015 tulipojaa hapa Nyeri kushuhudia akitangazwa Mwenye Heri. Lakini hata yeye alihitaji miaka 85 na wazee waliokubali kusimulia. Kumbukumbu za watu wa kawaida wa Gikondi, waliosema alikuja kwetu kwa miguu, alimbeba mtoto wangu, aliniandikia barua kwa mume wangu, ndizo zilizomfikisha pale. Wasingesema, angebaki msalaba mmoja katika makaburi. Na mwaka 1918 lilipoanzishwa hapa Nyeri shirika la Masista wa Maria Imakulata, wasichana wa Kikuyu waliingia konventi huku baba zao wakiuliza mahari itatoka wapi. Ujasiri ule nao una majina.

Sasa nakuja kwenu, wanakwaya. Mmefanya kijitabu kizuri cha jubilei. Nimekiona kabla hakijaenda kuchapwa. Kuna orodha ya wenyeviti, orodha ya walimu wa kwaya, na picha za sare tangu ile ya kwanza ya kitambaa cheupe. Nimetafuta majina ya wale wanawake waliokuwa wakiimba kabla hakujawa na sare wala kinanda, waliojifunza Kilatini kwa kusikiliza bila kuelewa, na baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wakaambiwa sasa imbeni kwa lugha yenu na ngoma iingie kanisani, wakalazimika kujifunza upya wakiwa watu wazima. Sikuyaona. Nilimwuliza mwenyekiti, akasema kwa haki kabisa: hatukujua wa kumwuliza.

Wa kuwauliza wako hapa. Wamekaa safu tatu za mbele, wamevaa vitambaa vya kichwa vya CWA, na mmoja wao amesinzia kidogo, tumwache. Shosho hao wanajua nani aliyeanzisha nyimbo wakati katekista hayupo, nani aliyetembea kutoka mtoni na mtoto mgongoni kuja mazoezi ya Jumamosi, nani aliyefukuzwa kwaya na kwa sababu gani, na kama alirudi. Wanajua pia nyumba ya masista ilikuwa na chumba kipi cha nini, jambo ambalo hata ramani ya ardhi haiwezi kutuambia. Tukibomoa nyumba bado tunaweza kujenga nyingine. Lakini wale wanaojua chumba kipi kilikuwa cha nani wanapungua kila mwaka, na mwaka huu peke yake mmeimba katika mazishi ya wangapi? Ninyi ndio mnaojua hesabu hiyo kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo nimezungumza na Baba Paroko na mwandishi wa kwaya, na wamekubali. Kuna daftari kubwa la jalada gumu juu ya meza, karibu na mlango wa upande wa kinanda. Kurasa za kwanza ni za majina ya waimbaji wa zamani, walio hai na waliotangulia, na kijiji alikotoka kila mmoja. Kurasa za nyuma ni za nyumba: kila mtu aliyewahi kuingia humo akiwa mtoto aandike alichokiona. Msiandike kwa Kiswahili cha mtihani, andikeni kwa Kikuyu kama ndivyo inavyokuja. Shosho asiyeweza kuandika, vijana wanne wa sauti ya tatu wamejitolea kumwandikia, nao watakaa pale mezani hadi chakula kiishe. Daftari litabaki hapo kila Jumapili hadi Majilio.